Nilivyommaliza Hegel kwa kupuuza ushauri wa wajuaji

Fenomenolojia ya Roho, kile kitabu cha Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, nimeimaliza. Yote, kuanzia uhakika wa hisi hadi maarifa kamili, zile aya 808 za tafsiri ya Kiingereza ya A. V. Miller. Nalisema hili kwa majivuno kabisa, maana watu wenye digrii zao waliniambia kitabu hicho hakisomwi, ila husomwa vitabu vinavyokielezea. Haohao ndio walionichelewesha.

Ushauri wa kwanza ni ule anaopewa kila mtu: Hegel ni mwepesi, shika mambo matatu tu, hoja, kinyume chake, halafu muungano wa hizo mbili. Aliyenipa alinichorea pembetatu kwenye karatasi, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba. Nikaingia nayo. Kila ukurasa naandika pembeni H, K, M. Sura ya kwanza ilikubali kwa shida. Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Humo Hegel anachukua punje ya chumvi: ni nyeupe, tena ni kali, tena ina umbo la mchemraba. Sasa hiki ni kitu kimoja au ni rundo la sifa? Mimi nikaanza kutafuta kinyume cha chumvi. Usiku kucha, mtu mzima na akili zangu, natafuta kinyume cha chumvi! Nikidhani nimekipata, mambo yanageuka. Kwanza umoja uko kwenye chumvi na wingi unatoka kwangu: weupe ni wa jicho, ukali ni wa ulimi. Mbele kidogo wingi umerudi kwenye chumvi, na umoja ndio nimeuleta mimi. H na K zikawa zimefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka. M sikuiandika kabisa.

Baadaye nikajua jambo lililonitia hasira zaidi. Hegel hakuuelezea utaratibu wake kwa maneno hayo matatu. Fichte, mwanafalsafa aliyemtangulia, ndiye aliyeyatumia, kwenye kazi yake ya 1794. Kumbandikia Hegel ni kazi ya wafafanuzi, na mmoja wa walioieneza ni Heinrich Moritz Chalybäus mwaka 1837, Hegel akiwa kaburini tangu 1831. Na ndani ya dibaji ya kitabu hichohicho, Hegel anawabeza wanaougeuza utatu kuwa fomula mfu ya kupachikwa kila mahali. Yaani mwenyewe alishakataa, mimi nikawa nahangaika kumpachika!

Dibaji yenyewe nayo ni mtego. "Anza mwanzo," waliniambia. Lakini Hegel aliiandika mwisho, mwanzoni mwa 1807, kitabu kikiwa kimekwisha, na inazungumza na watu wanaojua ugomvi wote wa falsafa ya wakati ule. Iruke. Anza na Utangulizi, aya ya 73 hadi 89 kwa Miller, kisha rudi kwenye dibaji ukimaliza. Pale Utangulizini anakueleza mchezo mzima: hatutaleta rula yetu ya kupimia ufahamu. Kila ufahamu una kipimo chake wenyewe, utajipima, na sisi kazi yetu ni kutazama.

Hapo ndipo nilipopata ujanja wangu, na sikufundishwa na mtu. Kalamu mbili. Bluu kwa anachosema huyo anayechunguzwa, nyekundu kwa tunachosema sisi tunaomtazama. Kila sentensi naiuliza: wewe ni ya nani? Hegel humwachia kila mmoja aseme kwa kujiamini kabisa, tena bila kukuonya kwamba anayeongea siye yeye. Uhakika wa hisi unadai ndio maarifa tajiri kuliko yote. Haya, anasema Hegel, andika: "Sasa ni usiku." Ukweli hauharibiki kwa kuandikwa. Mimi nikaandika kweli, nikabandika ukutani juu ya meza. Mchana wake mke wangu akaingia, akauliza nani kabandika uongo ukutani. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo sura nzima ya kwanza! Ukweli ule ulikuwa umechacha, kama Hegel alivyosema utachacha.

Bila kalamu hizo ningekitupa kitabu kwenye sura ya akili, pale unapokutana na dai kwamba roho ni mfupa. Wapo wanaolinukuu kama wazo la Hegel! Iweke bluu. Anayeongea pale ni elimu ya mafuvu, ile ya Franz Joseph Gall, iliyodai kusoma tabia ya mtu kwenye vinundu vya kichwa. Hegel anaiacha ifike mwisho wa hoja yake, na kabla ya hapo amekwisha kutania kwamba jibu linaloifaa lingekuwa kulipasua fuvu la mwenye kuisema. Nilicheka peke yangu. Na mtu asikudanganye kwamba Hegel hachekeshi.

Na ile sehemu mashuhuri ya bwana na mtumwa je? Kila mjuaji atakwambia mtumwa anampindua bwana. Nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi: mapinduzi hayamo. Bwana anapata heshima kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu, kwa hiyo haimshibishi. Mtumwa ametetemeka mbele ya kifo, anazuia tamaa yake, anafanya kazi, na katika kile alichokiunda anaanza kujiona. Halafu? Halafu unaingia ustoiki, falsafa ile ya kale, uhuru wa mawazoni tu, sawasawa kwenye kiti cha enzi au kwenye minyororo. Wajuaji wengi waliishia ukurasa mmoja kabla.

Sura ya nguvu na fahamu, yenye ulimwengu uliopinduliwa, pita hata kama imekuacha nyuma. Mimi niliirudia baadaye na bado sehemu yake naipaka rangi kwa kubahatisha. Kabla ya sura ya Roho soma Antigone, tamthilia ya kale ya Kigiriki ya Sophocles, la sivyo utapotea. Na ukifika kwenye uhuru usio na mipaka, kumbuka Ufaransa ya mapinduzi, miaka ya 1793 na 1794, watu walipokatwa vichwa kwa gilotini: kifo kisicho na maana zaidi ya kukata kichwa cha kabichi, au kumeza funda la maji. Hapo sikuhitaji mfafanuzi.

Gharama? Fotokopi na kufungisha kwa waya wa plastiki, elfu ishirini na kitu, pamoja na kalamu nyingi kuliko nilivyotegemea, hasa nyekundu. Nakala yangu siazimishi, msiniombe. Tafsiri ya zamani ya Baillie ipo bure kwenye intaneti.