Kipande kilicholipa mara mbili

Nina kipande kimoja cha programu nilichokiandika 2019 kwenye meza ya jikoni, mtaa wa Umoja, Nairobi. Kazi yake ni ndogo: tuma ombi, likishindikana jaribu tena, mwisho mara tatu. Kilipita kwenye miradi minne bila mimi kukifungua tena. Ndiyo ile ndoto aliyoieleza mtaalamu wa programu Doug McIlroy kwenye mkutano kule Garmisch, Ujerumani, 1968: viwanda vitoe sehemu za programu zilizo tayari, nasi tuchague na kuunganisha.

Halafu nikakichomeka kwenye mfumo wa sacco moja ya matatu za Rongai. Kompyuta ya ofisini inaandika safari, nyingine iliyo mbali inalipa madereva. Ijumaa moja jioni stima ikayumba, mtandao nao ukafuata. Ombi lilifika, dereva akalipwa, jibu likapotea njiani. Kipande changu kikasubiri, kikaona kimya, kikatuma tena.

"Madam, leo mmenitumia mara mbili. Ni bonasi?"

Huyo ndiye aliyepiga simu. Wenzake kumi na mmoja hawakupiga.

Ndani ya kompyuta moja, ukiagiza kazi utarudishiwa jibu au hitilafu, la sivyo programu nzima ianguke pamoja nawe. Kati ya kompyuta mbili kuna jambo jingine: kimya. Huenda ombi halikufika, huenda kazi bado inaendelea, huenda imeisha na jibu ndilo lililopotea. Ukiwa upande huu, yote matatu yanafanana. Jim Waldo na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya Sun waliandika 1994 kwamba ni kosa kuificha tofauti hiyo. Makala yao niliisoma chuoni, nikapita mtihani, nikaisahau.

Dawa yenyewe si ngeni: kila ombi libebe nambari yake, na upande wa kulipa ukiona nambari iliyokwisha kulipiwa urudishe jibu la awali tu. Hata hapo nilikosea. Niliitengeneza nambari ndani ya mzunguko wa kujaribu tena, kwa hiyo kila jaribio likapata nambari mpya! Nusu ya Jumamosi iliishia hapo. Sasa nambari inatolewa kabla ya jaribio la kwanza, na kipande kinakataa kazi kisipopewa.

Pesa tulizikata wiki iliyofuata. Yule dereva akapiga tena, akauliza mbona aliyesema na walionyamaza wamekatwa sawa. Sikuwa na jibu.