Kozi ya Sita

Agosti 2013 nilitumwa Tabata, Dar es Salaam, kukagua kiwanja kinachoteremka hadi Mto Msimbazi. Mwenyewe alitaka kujenga ghorofa nne za kupangisha, na maombi yake ya kibali yalihitaji ripoti ya hatari ya mafuriko. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini kama injinia. Kipupwe kilikuwa kinaishia, na mto umenywea hadi kubaki mkondo mweusi ambao hata mtoto angeuruka. Ukiutazama vile, ni vigumu kuamini kuwa ndio uleule ulioshuka kutoka vilima vya Pugu Desemba 2011 ukasomba nyumba za watu, katika mvua zilizotajwa kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu 1954. Walikufa watu wapatao 40. Wengi waliohamishwa bondeni walipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wakaanza upya kwenye mahema.

Jibu nilikuwa nalo tayari kwenye begi. Nilikuwa nimechukua takwimu za mvua, nikakadiria maji yatakayoshuka, nikayapitisha kwenye umbo la mto kama lilivyochorwa kwenye ramani, nikapata kimo cha mafuriko. Kwa kimo hicho maji yangegusa kona ya chini ya kiwanja tu. Kilichobaki, nilidhani, ni kupima mita 60 kutoka ukingoni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ujenzi ndani ya umbali huo, kisha nipige picha mbili tatu na kurudi ofisini.

Mpima niliyekwenda naye akashika utepe, akasimama. "Tunaanzia wapi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Ukingo tuliouona haukuwa ule wa kwenye mchoro. Bikoni mbili za chini, yaani alama za mpaka wa kiwanja, tulizitafuta kwenye majani mpaka tukachoka. Kijana mmoja aliyekuwa anachota mchanga mtoni ndiye aliyetuonyesha moja wapo: imelala kwenye tope, chini ya ukingo uliokatika. Haikuwa imeng'olewa na mtu. Mto ulikuwa umekula udongo hadi ukaifikia, ukaiangusha. Maana yake mita 60 za siku kiwanja kilipopimwa hazikuwa tena mita 60, na masika yakija zingepungua tena. Hilo sikuwahi kulisikia darasani, na mpaka leo naona ndilo jambo la kwanza la kuuliza kwenye kiwanja chochote cha kando ya mto: ukingo huu ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita?

Tulipokuwa tunabishana, mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa anatutazama kutoka uani. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mnapima maji?" Nikamwambia tunapima kiwanja. "Basi njooni mpime na huku."

Akatuingiza stoo ya nyuma. Sebuleni alikuwa ameshapaka rangi upya, lakini stoo ilibaki tofali tupu, na ukutani ulipita mstari wa tope, umenyooka kama uliopigwa na fundi.

"Siku ile tulihesabu kwa kozi," akasema, akigusa safu za tofali ukutani. "Naamka usiku, maji yapo kozi ya kwanza. Nawatoa watoto, yapo ya tatu. Palipokucha tuko juu ya bati la jirani, nayo yamefika hapa." Akaweka kiganja kwenye mstari. Tulihesabu wote, kwa sauti: kozi ya sita. Mita moja na nusu.

Alisema jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya unga, na mimi niliona aibu kushika kalamu mbele yake. Lakini nilishika. Tukasimika leveli, mashine ya kupimia vimo, uani, tukasoma kimo cha mstari ule, tukakihamishia kiwanjani. Tulipofika pale ambapo nguzo za ghorofa zingesimama, namba ikasema maji yalipita sentimita 110 juu ya ardhi. Hesabu yangu ilikuwa imesema pale ni pakavu.

Nilirudia hesabu usiku kucha nikitafuta nilipokosea kuzidisha. Sikuwa nimekosea. Nilichokuwa nimefanya ni kuhesabu mto msafi. Mto wenyewe ulikuwa umejaa mchanga chini, na kalavati la mbele lilikuwa limezibwa na taka, kwa hiyo maji hayakuwa na njia ila kupanda na kurudi nyuma. Huko juu nako, mashamba yaliyokuwa yakinywa mvua yalikuwa yamegeuka mabati na saruji.

Nikaandika yote, na picha ya mstari nikaiweka ukurasa wa kwanza.

Mteja alikuja ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekopa, na alikuwa na haraka. Akaniuliza, "Injinia, unasema mafuriko ya miaka 100. Si yameshapita 2011? Mengine yatakuta wajukuu zangu." Nikamweleza kuwa jina hilo linapotosha: maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, mwaka wowote, hata ukifuatana na mwingine. Kwa miaka 30 ya jengo, ni karibu nafasi moja kati ya nne. Alisikiliza. Kisha akasema atajaza kifusi mita moja na nusu, tatizo liishe.

"Na maji yaende wapi?" nikauliza. Hakuna aliyejibu. Bosi wangu akasema kumbukumbu za wakazi si takwimu, na mstari wa stoo ukahamishiwa kwenye viambatisho, nyuma kabisa. Mbele ikabaki hesabu ya mto msafi, pamoja na pendekezo la kujaza kifusi. Ripoti ililetwa mezani kwangu nisaini. Nilisaini.

Malori yalianza kumwaga kifusi kabla hata kibali hakijatoka.

Aprili 2014 mvua kubwa zikapiga tena Dar es Salaam. Maji yalipopungua nilikwenda Tabata peke yangu, na utepe wangu. Kifusi kilikuwa kimesimama, kimeliwa pembeni tu. Mama alikuwa anatoa tope kwa chepe. Alinikumbuka. Nikamwamkia, akaitikia, akanielekeza stoo bila neno.

Mstari mpya ulikuwa kozi ya saba. Kando ya ule wa zamani alikuwa amechora kwa msumari 2011, na kando ya huu, 2014. Nikafungua daftari, nikapima kutoka sakafuni. Yeye akanishikia ncha ya utepe.