Maji ya daku ya Hajja

Juzi mwanangu wa kati kaniuliza, baba hii picha ya mitungi miwili chini ya mwarobaini ni ya wapi, nikamwambia Khartoum, Sudan, akasema kwani hamkuwa na friji? Tulikuwa nayo. Umeme ndo ulikuwa wa kubahatisha.

Waliosoma kule wanaijua Mei yake. Mchana joto linapita nyuzi 40, kuta zinakunywa jua kutwa halafu usiku zinalitema lote, ndani hakulaliki, na ile mashine yao ya kupoza, ya feni na majani makavu yanayoloweshwa, inataka umeme na maji kwa pamoja, sasa umeme ukikatika pampu nayo inazima, unakosa vyote. Ndo maana watu wanatoa vitanda vya kamba uani wanalala nje.

Ramadhani ya 2018 ikaangukia humo humo. Usiku mmoja umeme ukakatika baada ya tarawehe, bomba kavu, najigeuza tu pale kitandani, koo limekauka. Mama mwenye nyumba, wote tulimwita Hajja, alikuwa amekaa upande wa mabinti zake na tasbihi yake. Akaniita, "ya waledi", yaani mwanangu. Nikamwona anaenda kwenye mtungi, kafunua kifuniko, kachota kwa bakuli, kamwagia shuka, kachota tena. Nikamwambia hapana Hajja, hayo ndo ya daku, na kweli nyumba nzima yalikuwa yamebaki hayo. Akasema "Allah karim", akalikamua kidogo, akanishikisha ncha moja tukalikunjua, akarudi kukaa.

Nikajifunika. Kaupepo kalipopita nikatetemeka, yaani baridi, Khartoum, mwezi wa tano! Hewa ya kule ni kavu, maji yanageuka mvuke haraka na joto la mwili linaondoka nayo, hata mtungi unapoza hivyo hivyo, unatoa jasho kwa nje. Huku kwetu Tanga hewa imeshajaa maji, utaamka na shuka chepechepe na joto lako liko palepale.

Shuka lilikauka hata usingizi haujanikolea. Nikamsikia anachota tena, na safari hii sikusema kitu.

Daku tulikula tende na maji ya kugawana, yeye akanywa funda moja. Mwenye mkokoteni wa punda wa maji alipita alfajiri imeshaadhiniwa. Hajja akafunga hivyo hivyo, na umri ule, na lile jua.

Vita vilipoanza Aprili 2023 mimi nilisharudi. Namba yake haikuita tena. Wapo wa mtaa ule waliovuka kwenda Misri, wengine nasikia wako Port Sudan, yeye hakuna aliyeniambia kamwona. Natamani hata nimtumie chochote cha kununulia maji, ila nakitumia wapi, kwa nani?