Barakoa ya bluu si karatasi

Zile barakoa za bluu za wakati wa Korona zinaonekana kama karatasi, lakini ni plastiki: matabaka 3 ya polipropilini, waya wa puani na lastiki za masikioni. Kwa mchanganyiko huo mnunuzi wa chupa chakavu hana haja nazo, na zikitupwa mtaroni mvua huzisomba hadi baharini. Kuzichoma uani nako ni kujivutia moshi wa sumu. Ukilazimika kutupa, kata lastiki kwanza zisije zikanasa miguu ya ndege.

Kwa aliye chini ya miaka 60, asiyeumwa, asiyehudumia wagonjwa wala hana maradhi sugu, barakoa ya kitambaa inatosha. Shona matabaka 3, la ndani liwe pamba. Inua kitambaa kwenye taa: mwanga ukipenya wazi, kimelegea mno. Fua kila siku kwa sabuni, kisha chemsha dakika 1. Uwe nazo 2, maana mbichi haivaliki. Kupumua kunakuwa kazi.

Chupa ya kitakasa mikono usiijazie juu ya mabaki. Ioshe, ikauke kabisa, ndipo ujaze. Maji yaliyobaki huzimua spiriti. Na glavu za kwendea sokoni? Achana nazo: zinabeba virusi kama kiganja kitupu, ila haziwezi kunawishwa.