Nganya zangu ziliacha kuonekana zimeegeshwa
Kila nganya (matatu yenye michoro na madoido) niliyoipiga picha ikipita Thika Road ilitoka kama imeegeshwa: rimu zimeganda, spoki zahesabika. Kosa lilikuwa kasi ya shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga), 1/1000 ya sekunde. Jioni, jua limelegea, nikaishusha hadi 1/60, fokasi ya kufuatilia, nikazungusha kiuno pamoja na gari, na kuendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Picha 30 za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Kisha moja ikakubali: graffiti ya ubavuni yasomeka, magurudumu yazunguka, barabara imegeuka mistari.

Nganya ikiwa stejini (kituoni), shida ni nyingine. Mng'ao wa mbingu nzima hulala juu ya rangi. Kichujio cha polaraizi (kioo cha mbele ya lenzi cha kupunguza mng'ao) hakikufua dafu nikiikabili moja kwa moja. Niliposogea pembeni nikakizungusha taratibu, mng'ao ukafutika.