Samba ndani ya kontena: faili zinasomeka, haziandikiki

Seva yangu ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine na kontena nyingi kwenye seva moja) ina kontena ya LXC, yaani Linux ndogo iliyotengwa, inayoendesha Debian na Samba, programu ya kushirikisha folda na Windows. Kompyuta za Windows ziliiona folda, faili zikafunguka, lakini kila aliyejaribu kuhifadhi kitu alinyimwa ruhusa.

Nilianzia smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, kama wengi. testparm, amri ya kuikagua, haikulalamika, "writable = yes" ilikuwepo, nenosiri lilikubalika. Jibu lilitoka kwenye ls -ln, inayoonyesha namba za wamiliki wa faili, ndani ya kontena: faili zote zilikuwa mali ya 65534, yaani nobody (mtumiaji asiyejulikana), ilhali kwenye seva mama, Proxmox yenyewe, faili zilezile ni za 1000.

Kontena isiyo na mamlaka kamili (unprivileged), kama hii yangu, huhamisha namba za watumiaji. Kwa kawaida, 0 ya ndani ni 100000 nje, na 1000 ya ndani ni 101000. Folda ilikuwa imepitishwa kutoka nje kwa mp0, mpangilio wa kuunganisha folda na kontena, na 1000 wa nje hana mwenzake ndani, basi kerneli humwonyesha kama nobody. Ndiyo maana hata chown (amri ya kubadili mmiliki) ya ruti, mtumiaji mkuu, ndani ya kontena ilikataa.

Mtumiaji wa Samba ndani ni 1000, basi kwenye seva mama nikaandika:

chown -R 101000:101000 /mnt/hifadhi

Papo hapo faili zikaandikika, bila kuwasha upya chochote. Utashauriwa chmod 777, yaani kumpa kila mtumiaji ruhusa zote. Achana nayo, inamfungulia mlango kila mtu. Ila kama folda hiyo inatumiwa pia na 1000 wa seva mama, usiguse umiliki: tumia lxc.idmap pamoja na /etc/subuid na /etc/subgid, mipangilio ya kulinganisha namba za ndani na za nje. Kazi yake ni ndefu kidogo.