Bakuli la musizi: kumbukumbu ya mradi, hatua ya kuchagua patasi

Bakuli lina upana wa sentimita 20 na kina cha 6. Mbao ni musizi, mti wa Uganda, bado mbichi, kutoka soko la mbao la Ndeeba, Kampala. Nje imeshachongwa kwa tezo. Kwa anayeanza, musizi unafaa: mwepesi na laini. Mvule ungoje, maana huficha vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali.

Ndani inahitaji patasi bobari, yaani yenye makali yaliyokunjwa kama mfereji, nayo huuzwa kwa vipimo viwili: upana kwa milimita, na namba ya mkunjo. Katika mfumo wa Sheffield, mji wa Uingereza wa vyuma, namba 3 karibu ni bapa na namba 9 ni nusu duara. Namba peke yake haitoshi. Namba 7 ya milimita 10 hukata duara dogo kuliko namba 7 ya milimita 25, kwa hiyo pima kwa karatasi: gandamiza makali, anzia alama ya pili pale ya kwanza inapoishia, endelea mpaka duara lifunge. Kipenyo cha duara hilo kiwe kidogo kuliko cha duara la kona kali kuliko zote katika kazi yako. Hapa ni pale ukuta unapogeuka kuwa kitako, duara la sentimita 6. Duara la patasi likizidi hapo, pembe zake huzama na kuchana nyuzi pande zote mbili, na msasa hautaondoa mikwaruzo hiyo leo wala kesho.

Zilizochaguliwa ni mbili: namba 8 ya milimita 20, iliyonyooka, ya kuchimba kwa nyundo ya mti, na namba 5 ya milimita 20, yenye shingo iliyopinda, ya kulainisha. Iliyonyooka ikifika kitakoni, mpini hugonga mdomo wa bakuli. Seti ya patasi kumi na mbili ni hasara tupu kwa sasa.

Mteremko wa makali uwe upande wa nje. Ulionolewa ndani ni wa maseremala wa maungio. Kwenye bakuli huzama na kukataa kutoka. Digrii 20 zinatosha kwa musizi, 25 kwa mvule. Patasi ya kuchongea kwa mkono usiipeleke kwenye mashine ya kukereza: mkia wake mwembamba, unaoingia kwenye mpini, unaweza kukatika mbao zikizunguka.

Patasi za kufuliwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, kwa springi za gari zinafaa, mradi zimetiwa ugumu. Jaribu kwa tupa karibu na makali: ikiteleza, sawa, ikiuma kirahisi, chuma bado ni laini. Fundi aipashe moto hadi sumaku isinate, aizamishe kwenye mafuta, kisha aipashe tena taratibu hadi rangi ya majani makavu. Akiacha hatua hii ya mwisho, makali yatamegeka.

Tenga pesa za kunolea: jiwe la kunolea lenye chembe za namba 1000, ngozi yenye dawa ya kung'arishia, na kijiti cha duara kilichoviringishiwa msasa laini kwa upande wa ndani. Zungusha patasi kutoka pembe hadi pembe. Ukipitiliza, pembe huliwa.

Uchimbaji umeanza, kutoka mdomoni kushuka katikati. Ukisukuma kuelekea nje, mdomo hubanduka vipande. Ukuta umebakizwa milimita 15 kwa kuwa musizi bado mbichi. Utapunguzwa hadi 8 ukishakauka chini ya maranda yake, mbali na jua.